Dakika ya Kumi na Nne

Simu iliokotwa chini ya mabati, Sabasaba,
kioo kimepasuka, chaji asilimia mbili.
Ndani yake Chausiku anacheka:
"Elfu tatu nzima, mzimu wenyewe kavaa yeboyebo!"

Dakika ya tisa jenereta linakohoa.
Giza. Mtu anaita, "Mbwana, washa, utani basi!"
Mbwana yuko mlangoni, anachana tiketi.

Tuliajiri mizimu saba.
Nimeihesabu kwenye video, picha kwa picha:
minane.

Saba wanakimbia pamoja na wateja,
sanda za shuka mabegani, wanamwita mama.
Wa nane amesimama, katulia,
kama anayesubiri zamu yake.

Usiku ule niliwalipa posho.
Bahasha saba, sahihi saba.

Chausiku, ni nani aliyeshika simu yako
dakika ya kumi na nne,
ulipopita mbele yake
unalia?