Kutangulia si Kufika

Ziwa letu huitwa Kitka,
na kitka, kwa lugha ya kwetu, ni msuguano:
kile kilicho kati ya mpira na njia,
usichokiona hadi siku kinapokukimbia.
Oiva aliucheka utani huo kila Oktoba,
goti kwenye changarawe,
akifungua nati moja moja na kuzitia kofiani.

Tairi za kiangazi zikishuka, aliziandika kwa chaki:
mbele kushoto, nyuma kulia,
mwandiko wa mtoto aliyelazimishwa.
Kisha tulitoka, mimi na chupa ya kahawa mapajani,
na kwenye kona ya kwanza alisema:
"Umeona? Jana uligusa usukani, gari likajibu.
Leo linafikiri kwanza."
Mpira laini wa baridi, na vikato vyake vya wembe,
hujinyonga chini yako kabla ya kugeuka.
Siku tatu mkono unalalamika.
Ya nne unadhani gari liliumbwa hivyo.

Alikufa Machi.
Tairi za baridi zilikuwa bado garini.
Nikazipitisha kiangazi kizima juu ya lami ya moto;
sikuwa na mkono wa kuzigusa.

Oktoba nikaenda kwa Saimi, karakana ya njia panda,
miaka ishirini na miwili, grisi hadi kwenye nyusi.
Akabonyeza mpira kwa ukucha. Ukucha haukuingia.
"Umekauka kama mkate wa juzi," akasema.
"Meno yapo, ila hayaumi."
Pensheni ilitosha mbili.
"Basi mpya zikae nyuma."
Nikakataa. Gari hili huvuta kwa mbele,
hukata kona kwa mbele,
nyuma kunabeba nini zaidi ya gunia la viazi?
Akafunga nilivyotaka,
akaandika kwenye risiti: mteja ameonywa.

Mwezi mzima nilijiona mjanja.
Nikigusa usukani, pua inaingia.
Kilimani, gari la posta linapokwama, nilipanda nikipiga mluzi.
Pua iliniambia njia ni salama.
Pua ilikuwa ikisema habari zake yenyewe.

Tarehe tisa Desemba, barafu nyeusi, ile isiyong'aa,
niliinua mguu kidogo tu kwenye mafuta.
Mbele kukatii.
Nyuma kukaendelea na safari yake.
Misonobari ikapita kwenye kioo cha mbele, kutoka kushoto kwenda kulia,
polepole, kama watu wanaotoka kanisani.

Mikono ikakumbuka kabla yangu:
Januari moja, juu ya ziwa, barafu ya nusu mita,
Oiva akiivuta breki ya mkono makusudi na kupaza sauti,
"Mkia ulikokwenda, elekeza usukani huko!
Ufuate, usiuvute!"
Nikaufuata. Ukarudi, ukavuka, ukarudi tena.
Gari likasimama likitazama nilikotoka,
na viazi vimejaa miguuni pangu.

Nyuma kulikuwa na tairi zake.
Sikuzilaumu.
Nilizitaka zifuate
kitu ambacho hazikuwa tena na nguvu ya kukifuata.

Saimi hakusema nilikuambia. Alitoa jeki.
Mpya nyuma, kuukuu mbele.
Sasa kwenye kona pua hulegea kwanza,
husogea nje kidogo, hunung'unika kiganjani,
nami napunguza mwendo.
Si gari tamu. Ila linasema mapema.

Aprili, theluji ilipoachia mlango wa banda,
nikazitoa zile za kiangazi.
Mbele kushoto. Nyuma kushoto. Mbele kulia.
Kwenye ya nne, chini ya mahali pake, mstari zaidi,
chaki iliyofifia, wa Oktoba ile
aliyokuwa akikohoa na kusema ni vumbi:
*Hilkka, baada ya kilomita hamsini, kaza nati tena.*

Nikaendesha hamsini. Nikashuka na spana.
Zilikuwa zimelegea, robo ya mzunguko.