Kistari

Jumanne usiku, Barabara ya Accra, ghorofa ya tatu,
napanga kijitabu cha mazishi ya Syombua Kithuku:
kurasa kumi na mbili, picha tisa, safu mbili mbili.
Mashine ya chini inaanza saa kumi alfajiri.

Ukurasa wa saba ni wa mumewe, Torben.
Ameandika kwa Kidenmaki, mistari sita tu,
na katika wa nne limejinyoosha neno moja
refu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi:

*søndagsmorgenkaffekoppen*

Safu haikulitosha. Kompyuta ikatumia akili zake,
ikakata *søndag-*, ikashusha *smorgenkaffekoppen*.
Hata mimi nisiyeijua lugha
nilihisi kisu kimegonga mfupa.

Nikampigia. Saa tano na nusu; alikuwa macho.
"Hiyo *s* ni mali ya Jumapili, si ya asubuhi,"
akasema kwa Kiswahili chake cha Buruburu.
"Ni gundi. Kama *cha* yenu, kama *ya* yenu."
Akalisoma polepole, nami nikahesabu kwa vidole
kama tulivyohesabu mizani kwa Mwalimu Mbodze:

*søn. dags. mor. gen. kaf. fe. kop. pen.*

Nane! Ukwapi mzima, bado utao.
Ila silabi zetu hulala milango wazi,
na zake, zote isipokuwa moja, zimetia komeo.
Nikamwomba aliseme kama wanavyolisema kwao.
Akameza nusu.
Sijui kama ndivyo lugha ile humezwa
au lilikuwa koo lake, usiku ule.

Kwao unangoja. Jumapili hutangulia,
kisha asubuhi, kisha kahawa,
kikombe kinafika wageni wote wameketi,
na mkiani *-en*: kile, kile unachokijua.
Sisi twaanza na chombo mkononi:

*kikombe cha kahawa ya Jumapili asubuhi*

Kumi na sita. Mshororo kamili
kwa kile alichokibeba yeye kwa kipande kimoja.

"Na kiko wapi sasa?" Swali lilinitoka tu.
"Kabatini. Mkono ulivunjika mwaka juzi,
akaubandika mwenyewe. Umekaa upande kidogo."

Nikakata pale maneno yanapopokezana:
*søndagsmorgen-*
*kaffekoppen.*
Kistari kikabaki kimechomoza ukingoni mwa safu.
Taa ikapepesa mara mbili.
Nikahifadhi upesi, kabla stima haijapotea.