Mwezi wa Nje, Mwezi wa Ndani

Baba yangu, Fanzil, aliishi kwa zamu:
siku thelathini kaskazini, kwenye visima vya gesi,
siku thelathini nyumbani, ghorofa ya nne, mjini Belebei.
Sisi watoto hatukuhitaji kalenda.
Tulihesabu miezi kwa sauti ya mama.

Baba akiwa nje,
mama alikohoa kama fundi mkuu.
Bomba likivuja, alilipigia goti,
bisibisi mdomoni,
nywele kazifunga kwa kamba ya gunia la viazi.
Alimpigia simu msimamizi wa jengo:
"Dari linanivujia. Kesho saa mbili. Si saa tatu."
Na kesho saa mbili mtu alibisha hodi,
na ngazi yake, na adabu zake.

Baba akiwa ndani,
bisibisi ilirudi kwenye droo ya baba
na kila sentensi ya mama ikaota mkia wa swali.
"Naona kama mlango unakwaruza, sijui wewe waonaje?"
Mlango uleule aliouranda mwenyewe mwezi Machi.
Alicheka kwa kufunika meno.
Hakuna aliyemwamuru. Baba hakuwa mkali;
aliketi tu mezani akingoja chumvi
iliyokuwa karibu na mkono wake kuliko wa mtu yeyote.

Miaka kumi na mmoja nilidhani nina mama wawili.
Wa kwanza nilimpenda.
Wa pili nilimwonea haya.

Kisha akaja Rinat, aliyelala kitanda cha juu yake kambini,
akasema huku akipuliza chai:
"Baba yenu? Kule yule ndiye mama yetu.
Anashona vifungo vya wanaume wanane.
Anajua nani hali vitunguu.
Kijana mmoja alipoletewa barua ya talaka
alikesha naye, akimsugua mgongo."
Baba akageukia dirisha, masikio mekundu,
kama mtu aliyesomewa siri yake hadharani.
Mama akaacha kukata mkate.
Nakikumbuka kisu: nusu ndani, kimesimama.

Siku hizi niko Ufa, ofisi ya ajira,
kazi yangu kupima watu tabia.
Karatasi ina maswali arobaini.
Je, hutoa amri au hupokea? Hulia upesi?
Kamwe, mara chache, mara nyingi, daima.
Namwona mama ameshika kalamu,
ananiuliza: mwezi gani?
Kisanduku cha jibu hilo hakipo.
Siku moja nilikichora pembeni, kwa penseli,
nikakifuta.

Bibi Minnigul alisema Kibashkiri tu.
Yeye, kwa mwana. Yeye, kwa binti.
Yeye, kwa baba, kwa fahali, kwa jua.
Usipomwelewa, alinyosha kidole.
Shuleni wakatupa Kirusi,
ambacho hata kitenzi cha jana
hutaka kujua kwanza umevaa nini.
"Nilikwenda," niliandika,
na mwalimu akaniongezea herufi moja mwishoni,
kwa wino mwekundu. Ya kike. Yangu.

Mwaka jana mgongo wa baba uliikataa zamu.
Amerudi jumla; mwezi wa nje haupo tena.
Nilikwenda kuwaona Februari, theluji hadi madirishani mwa chini,
na katikati ya supu fyuzi ikaungua.
Giza.
Nikasikia viti viwili vikisukumwa nyuma kwa pamoja,
kisha vikasita.
Kimya kirefu cha watu wawili wanaopishana mlangoni.
"Iko kwenye droo," akasema yeye.
"Najua ilipo," akasema yeye.
Sauti zote mbili nzito, za uzee, za usingizi;
mimi, niliyehesabu miezi kwa sauti,
sikujua ipi ni ya nani.
Halafu mmoja akacheka, kicheko kisichofunikwa.

Taa ziliporudi walikuwa wameketi.
Supu ilikuwa imepoa,
na hakuna aliyeinuka kuipasha.