Mikono Chini

Siku ya wazee, pale shuleni Ibwaga,
mjukuu wa Senyagwa, jino la mbele bado halijaota,
alisimama: "Mbukwa, babu.
Mgogo alikwenda kufanya nini baharini?"
Wakacheka. Nami nikacheka.
Afisa wa usajili aliniuliza hivyo hivyo,
naye hakuwa mtoto.

Maji niliyoyajua ni ya lambo,
rangi ya chai ya maziwa, yamejaa nyayo za ng'ombe.
Wakanivika kofia nzito yenye masikio,
wakanifunga mkanda kiunoni kama mbuzi wa mnada,
wakanikalisha mlangoni pa helikopta, miguu nje.

Kazi yangu ilikuwa kusema.
Rubani haoni kilicho chini ya tumbo la chombo chake.
Aliyelala kifudifudi mlangoni ndiye jicho.
"Mbele kumi. Mbele nane. Mbele tano.
Kulia mbili. Mbele tatu, mbili, moja.
Tulia. Tulia hapo hapo."
Na Luteni Faki, ambaye miaka tisa
nilimjua zaidi kwa kisogo, alitulia,
tani tano za chuma zikining'inia kwenye neno langu.

Shemahonge ndiye aliyeshuka na kebo.
Mtu wa Handeni, mfukoni hakosi karanga.
Kila safari alinivulia saa yake ya mkono:
"Nikibaki huko chini, iuze ununue ndama."
Kila safari nilimrudishia, nikimlaumu
kwa kuninyima ng'ombe.

Usiku ule wa meli ya saruji
tulipandisha kumi na mmoja.
Wa kumi na mbili alikuwa mpishi;
taa ilimwona upesi kwa shati lake jeupe.
Shemahonge alimpitishia mkanda chini ya makwapa,
akamwambia kama tulivyowaambia wote:
mikono chini, usiinue mikono.
Winchi ikavuta. Uso wake ukaja,
ukaja, nikaona hata ndevu.
Alibakiza urefu wa jembe kunifikia
alipoinua mikono yote miwili
kumshukuru Mungu.

Hilo sikumwambia mjukuu wa Senyagwa.
Nilimsimulia pomboo.

Jumapili mchungaji akisema tuinue mikono,
kanisa zima huchomoza kama uwele ulionyeshewa,
nami hung'ang'ania benchi la mbele yangu.
Wanasema jeshi lilimkausha moyo huyu.
Hawasikii anayepiga kelele kooni mwangu:
Shusheni! Shusheni!

Mwezi wa tisa, kisulisuli kikikatiza shamba la alizeti
na makapi yake, na vumbi, na mfuko wa rambo,
mimi huinamisha kichwa na kutembea upesi
kama apitaye chini ya pangaboi.
Mbuzi hunitazama tu.

Mama yangu, Damari, trakoma ilimfungia
dirisha moja, kisha la pili.
Hataki kushikwa mkono. "Mimi si toroli," husema.
Basi kila alfajiri naketi kizingitini, miguu nje,
yeye anashika kopo la maji kuelekea chooni.
"Mbele kumi, mama. Mbele sita.
Kushoto moja, kuna kinu.
Mbele tatu, mbili..."

Juzi alisimama katikati ya ua bila kuambiwa.
Tone la kwanza la mwaka lilikuwa limempiga shavuni.
Akaweka kopo chini, taratibu,
akaanza kuinua mikono.
Nilitaka kusema. Namba zote zilinipotea.
Nilishika kizingiti kwa vidole kumi
nikitazama viganja vyake vikipanda, vikipita kichwa,
vikifunguka,
na miguu yake, yenye nyufa, ikibaki pale pale
juu ya udongo wa Kongwa.

Mvua yenyewe haikufika. Matone saba, manane.

"We Yeremia," akaita, mikono bado iko juu,
"umelala? Choo kiko wapi?"