Sekunde Thelathini

Chini ya mtulinga wangu wa kushoto
kuna kidude, ukubwa wake biskuti,
na uzi wa waya unaopanda shingoni
ukajizonga kwenye mshipa
kama mtambuu kwenye mpopoo.

Kila dakika tano kinaamka.
Hakiulizi kama nakula, kama naomba dua,
kama nagombana na muuza ndizi pale Limbani.
Sauti inakwaruza, inashuka,
inakuwa ya mzee aliyevuta sigara miaka arubaini.
Nahesabu mpaka thelathini.
Halafu inarudi, inakaa mahali pake
kama mtu aliyekwenda kufunga dirisha la mvua.

Hapa chuoni watoto wameshanizoea.
Mwanzo walicheka. Mtoto ana haki ya kucheka.
Sasa nikiwa katikati ya aya na koo likakwama
wanaipokea, hawangoji ishara,
sauti ishirini na mbili zinaivusha ng'ambo
nami nadakia mwishoni,
mwanafunzi wa mwisho wa darasa langu.
Khatoro, mwenye pengo la meno mawili,
ndiye anayeanza. Hajakosea hata siku moja.

Kabla ya hapo,
basi, niseme na ya kabla ya hapo:
mkono huu wa kulia mnaouona umejikunja
ni siku ya tatu ya Sikukuu,
chapati juu ya chuma, mimi ndani ya moto,
na jirani wawili wamesimama mlangoni
wanaogopa povu.
Ndivyo walivyofunzwa: ukiligusa, nawe utaanguka.
Aliyenivuta ni mama, akaungua naye.
Tukiweka mikono yetu pamoja
kovu lake linaanzia pale langu linapoishia.

Nimekunywa vidonge vya kila rangi.
Nimekunywa kombe, nimefukizwa,
nimepungwa siku saba kwa pepo
ambaye hadi leo hajataja jina lake.
Kaka Mbwana akauza gari yake Maskati,
tukaenda Chenai, mimi na mama,
na daktari mwanamke, mfupi, mwenye kipini puani,
akasema kupitia mkalimani:
Hakiponyi. Kinapunguza.
Mama akamtaka arudie, labda mkalimani kakosea.
Hakiponyi. Kinapunguza.
Nikalipenda neno lile.
Wengi waliniahidi kingi. Huyu aliniahidi kidogo,
na kidogo chake kimefika.
Nilikuwa naanguka mara sita kwa wiki;
sasa mara moja kwa mwezi,
na mwezi mwengine hata hiyo haiji.

Mkononi navaa sumaku, kama saa isiyo na mishale.
Hunasa pini za buibui, huniaibisha harusini.
Dalili ikija naipitisha kifuani
na kidude kinapiga nje ya zamu yake.
Dalili yangu ni harufu,
na harufu yenyewe ni karafuu.
Mtu wa Wete, dalili yake karafuu!
Msimu ukifika, majamvi yameanikwa mpaka ukingo wa lami,
nitajuaje ipi ya juani, ipi ya kichwani?
"Khatoro, wasikia harufu?"
Ananyanyua pua, mzito kama kadhi.
"Naam, mwalimu, ipo."
Natua moyo, tunaendelea.
Msimu umekwisha, majamvi yamekunjwa:
"Khatoro, wasikia harufu?"
"Sisikii kitu, mwa—"
Mkono uko kifuani tayari.

Betri ina umri wake, wametuambia.
Miaka sita, pengine saba,
na gari ya Mbwana haiuzwi mara mbili.
Ndiyo maana usiku, taa ikizimwa,
mama hunisemesha.
Bei ya unga. Nani kaposwa Kipangani.
Mbuzi wa nani kala mchicha wa nani.
Najibu, najibu, usingizi umenijaa,
mpaka katikati ya neno sauti yangu ikwaruze.
Hapo hugeukia ukutani,
akalala.