Sahani

Chupa ilikuwa na namba tu. Jina nililiona baadaye.
Mashine ya Maweni ilisema: elfu kumi na moja.
Nikaigonga ubavuni kama redio,
maana husema uongo umeme ukicheza.
Ikarudia: elfu kumi na moja,
pale ambapo mzima ana laki na nusu kwenda juu.

Nikapaka tone kwenye kioo, nikalitia rangi,
nikainamia hadubini
kuzitafuta zile chembe tunazoziita sahani.
Uwanja wa kwanza, hakuna.
Wa pili, moja, imejitenga pembeni
kama mgeni msibani asiyewajua wafiwa.
Wa tatu, hakuna.

Ndipo nikageuza karatasi:
Bukuru Ntahondi, Gungu, miaka ishirini na tisa.
Pacha wangu. Mimi ndiye Butoyi,
niliyekuja nyuma yako kwa robo saa.

Tulikula sahani moja mpaka darasa la nne.
Ya bati, ya bluu, imebanduka ukingoni.
Mama alikuwa nazo sita.
Uliziuza soko la Mwanga, mojamoja,
kila sahani kete,
ya mwisho bado inanuka migebuka.

Najua mtaa utasema: malipo ni hapahapa.
Sitaki kusikia.
Daktari kaeleza: mwili umeona takataka nyingi
zikipita mlango wa sindano,
sasa unakamata kila apitaye, hata mwenyeji,
na bandama inazimeza sahani zako mwenyewe.
Hiyo si hukumu.
Ni mlinzi aliyelewa hofu.

Wodini, vidoa vyekundu miguuni,
kama vichwa vya pini. Fizi zinavuja.
Mama anakupaka mawese, anadhani upele.
Walitaka damu nyingine. Nikatafuta mshipa:
kushoto umekakamaa kama kamba ya katani,
kulia makovu matupu.
“Jaribu hapa,” ukasema,
ukanionyesha chini ya kifundo cha mguu,
kwa upole wa mwalimu.
Ulikuwa sahihi.

Nikachomoa, nikabonyeza pamba.
Kwa mwingine, dakika mbili.
Kwako nimebonyeza mpaka treni imepiga honi stesheni,
mpaka muuguzi amepita na chai akarudi na vikombe vitupu,
na chini ya dole gumba langu
bado kuna umajimaji, vuguvugu.

“Unahesabu nini?” ukauliza.

Nikasema, sihesabu.