Tarehe Tatu

Tarehe tatu ya kila mwezi lori la barua huchelewa,
kwa sababu ya theluji, au kwa sababu ya dereva,
nao huwa wameshafika. Wanapangusa viatu mkekani,
wanasoma matangazo ya mnada wanayoyajua kwa ghibu.
Hakuna anayesema amefuata nini.

Mimi ndiye Marlys wa posta. Masanduku mia na arobaini,
vilango vya shaba, na nyuma ya kila kilango
ni upande wangu, wazi, kama kisogo cha mtu kwa kinyozi.
Bahasha za serikali ni sare: rangi ya mchanga,
kidirisha cha karatasi nyororo, jina likichungulia.
Nazijua kwa vidole. Nimeapa kutosema.

Orville Tveit huegemea kaunta yangu
kama ua wa ng'ombe wake. "Mtegemea cha ndugu," asema,
"hufa maskini. Babu yangu alifika Dakota na plau na Biblia,
akalala nyumba ya udongo vipupwe viwili.
Nani alimpa kitu? Siku hizi mtu akikohoa tu, analipwa."

Amepaza sauti, maana Tawnya Keplin ameingia,
mtoto begani, mwingine ameshika pindo la koti.
Stempu za chakula: kijitabu chepesi.
Usiku tatu kwa wiki Tawnya huwageuza wazee vitandani
kule nyumba ya wakongwe. Akiongeza usiku wa nne
kijitabu kinapungua kurasa kuliko mshahara unavyoongezeka.
Amepiga hesabu hiyo nyuma ya risiti, mbele yangu,
mara mbili, akidhani amekosea.
Hajibu kitu. Anafungua sabini na mbili,
anaisukuma bahasha ndani ya koti
upesi, kama mama anayefunika titi mgeni akibisha.

Kumi na tisa ni la Orville.
Humo, tangu asubuhi, rangi ileile, kidirisha kilekile:
malipo ya ngano ambayo hakuipanda,
ekari mia mbili alizoombwa aziache zilale
bei isije ikaporomoka.
Plau ya babu iko ukutani sebuleni, imepakwa vanishi.
Nayo ardhi ya babu iligawiwa bure, kwa muhuri,
na bibi zake Tawnya, waliokuwa juu yake,
hawakuulizwa bei.

Sijui kilichonipata Februari ile.
Labda ni kikohozi cha yule mtoto.
Niliichomoa bahasha kutoka kumi na tisa,
nikaipitisha juu ya kaunta, mbele ya watu wote:
"Orville, hii yako. Ya serikali."

Kimya. Kipasha joto kiligonga mabomba yake.
Akaipokea, akaikunja mara mbili,
ilhali imeandikwa usikunje,
akatoka bila kofia.

Nikamwona dirishani. Gari la Tawnya limegoma,
linakohoa kama mwanawe.
Orville akasimama. Nikadhani atapita.
Akaleta waya za betri, akainama uchi wa kichwa
katika baridi inayopasua masikio,
akaunganisha nyekundu kwa nyekundu, wala hawakutazamana.
Injini ikashika. Tawnya akatoa noti moja kupitia kioo.
Orville akaisukuma hewani kwa mkono, kama nzi.

Tangu siku hiyo hanisalimu. Ana haki.
Kiapo ni kiapo, nami nilikivunja
kwa ajili ya kuonja utamu wake.

Wote walipoondoka nilisoma barua yangu,
iliyotoka ofisi ya mkoa, bahasha rangi ya mchanga.
Wanasema posta hii haijitegemei.
Stempu ninazouza hazilipi hata taa.

Nimeiweka kwenye droo, chini ya kofia ya Orville.